Madaraka Express kutoka Miritini: tikiti ni Sh1,500, na bili nyingine iko dukani

Upande wa abiria, treni hii ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi haina maneno mengi. Inaondoka kwa wakati. Ya saa tisa alasiri inafika Syokimau, stesheni ya Nairobi, kwa takriban saa tano. Ya saa mbili asubuhi husimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwingineko, basi ongeza kama saa moja. Tikiti unakata kwa *639# au mtandaoni, unalipa kwa M-Pesa. Beba kitambulisho na ufike mapema: mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha yapitishwe kwenye mashine, na foleni hiyo haina njia ya mkato. Viti vya daraja la kawaida ni vitatu huku na viwili kule, vimetazamana. Mwenye miguu mirefu atakuwa amechoka kabla ya Voi.

Kero ni Miritini yenyewe, iliko stesheni ya Mombasa. Mtu wa Likoni akipita feri, akate kisiwa kizima, apite Changamwe, ndipo aanze safari. Nauli ya matatu au tuktuk huku, na nyingine kutoka Syokimau kuingia mjini, ziweke kwenye hesabu kabla ya kusema treni ni rahisi kuliko basi la kutoka Mwembe Tayari, Mombasa mjini. Treni inashinda wazi wazi msimu wa Krismasi, kwa sababu nauli ya basi hupanda na yake haipandi. Shida ni kuipata hiyo tikiti.

Januari 2024 nauli ilitoka Sh1,000 hadi Sh1,500, daraja la kwanza Sh3,000 hadi Sh4,500. Sababu iliyotolewa ni mafuta, na kweli treni hii ni ya dizeli. Ila ni serikali hiyo hiyo iliyopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Mafuta ya Sh100 kabla ya VAT yalitoka 108 hadi 116, yaani nyongeza ya kama asilimia 7. Nauli imepanda kwa 50. Tofauti iliyobaki imo kwenye bei ya mafuta duniani, kwenye shilingi iliyoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwezi huo, na, kwa maoni yangu, kwenye nauli ya mwanzo iliyowekwa kisiasa.

Bili ya pili hukatiwi risiti. Tangu 2013 karibu kila mzigo unaotoka ng'ambo hulipa tozo ya reli. Ilianza asilimia 1.5, ikapanda 2, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaishusha 1.5, na mwisho wa 2024 ikarudishwa 2. Hutozwa kwenye thamani ya forodha, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli. Kontena la vigae la Sh2,000,000 linalipa Sh40,000 badala ya 30,000, hata likipakuliwa bandarini Kilindini na kuuzwa papa hapa Mombasa bila kugusa reli. Mwenye duka haibebi hiyo mwenyewe, anamwekea mnunuzi.

Mizigo ndiyo sehemu iliyoendeshwa vibaya zaidi. Reli ilijengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China wa 2014, na bandari ikafungwa kwenye mkataba wa kuihakikishia reli kiwango fulani cha mizigo. Malori yakiendelea kubeba, hesabu haitimii. Ndiyo maana Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yanayokwenda bara yapande treni. Yadi za makontena, madereva, gereji na vibanda vya chakula hadi Mariakani vikaonja joto, watu wakaandamana, amri ikasitishwa Oktoba. Mahakama Kuu ya Mombasa iliifuta Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais Ruto akarudisha Mombasa huduma za kutoa mizigo zilizokuwa zimehamishiwa bara. Sera ya kulazimisha mteja ilikuwa kukiri kwamba bei haikumshawishi.

Anayeagiza mzigo leo na ana hiari, asilinganishe nauli ya treni na ya lori tu. Kwa mzigo wa Nairobi, treni inaishia bandari kavu ya Embakasi. Hapo kuna ada za kuhudumia kontena, lori la kulifikisha ghalani, na la kurudisha kontena tupu kwa kampuni ya meli kabla siku za kukaa nalo bila malipo hazijaisha. Lori la Mombasa linafika mlangoni. Mwulize wakala wa forodha akupe bei hizo zote kwa maandishi, na kontena tupu linarudishwa wapi, Nairobi au Mombasa.