PARI/GP: programu ya bure ya kuchambua namba kubwa

Bandika 147573952589676412927 kwenye Excel: tarakimu 15 za mwanzo zitabaki, sita za mwisho zitageuka sifuri. Utakachopima baada ya hapo ni namba nyingine kabisa. PARI/GP, mradi ulioanzia Bordeaux, Ufaransa, haikati tarakimu.

Kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux) andika `sudo apt install pari-gp`, kisha `gp`. Mwenye simu tu anaweza kuitumia ndani ya kivinjari kupitia tovuti ya mradi.

Namba hiyo ni 2^67-1. Mwanahisabati Mersenne aliihesabu miongoni mwa namba tasa mwaka 1644, Lucas akathibitisha mwaka 1876 kuwa si tasa, na vigawo vyake akavitoa Cole mwaka 1903. Andika `n=2^67-1`, halafu `factor(n)`. Jibu linakuja papo hapo: 193707721 na 761838257287. Safu ya kushoto ni vigawo tasa, ya kulia ni vipeo. Vipeo vyote viwili ni 1, kwa hiyo hakuna kigawo kinachojirudia. `numdiv(n)`, idadi ya vigawo vyote pamoja na 1 na namba yenyewe, inatoa 4, na `sumdigits(n)`, jumla ya tarakimu, inatoa 109. Hakuna amri ya moja kwa moja ya kusema namba ni pungufu, kamilifu au ya ziada, lakini `sigma(n)-2*n` inatosha, kwani `sigma` ni jumla ya vigawo vyote: jibu likiwa hasi, kama hapa, namba ni pungufu; sifuri ni kamilifu, chanya ni ya ziada.

Mitego ipo, na mbaya zaidi ni ile isiyotoa ujumbe wa kosa. `factor(n,10^6)` hutafuta vigawo vidogo tu. Kwa n yetu inarudisha namba nzima ikiwa na kipeo 1, na mgeni atadhani ni tasa. Jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (kupandisha 2 kwa kipeo n-1 na kuangalia baki ya kugawa kwa n) nalo linadanganya: `Mod(2,n)^(n-1)` inatoa 1, sawasawa na ambavyo namba tasa ingetoa, kwa sababu 67 inagawa n-1. Tumia `isprime(n)`, itajibu 0, yaani si tasa. Na usijaribu `2^(n-1)%n`. Programu itataka kwanza kukokotoa 2^(n-1) yote, ambayo ni kubwa mno, na itashindwa.

Vigawo vinavyotolewa na `factor` navyo, kwa kawaida, vimepita jaribio la BPSW tu, jaribio la haraka la kutambua namba tasa ambalo si uthibitisho kwa namba zote. Chini ya 2^64 imethibitishwa kwamba jaribio hilo halikosei, hivyo viwili vyetu viko salama. Kwa vikubwa zaidi weka `default(factor_proven,1)` kabla ya kuanza.

Usiandike 1e20 ukitaka namba kamili, kwani hiyo inasomwa kama desimali na `isprime` itaikataa, andika 10^20. Koma za kutenganisha maelfu zitoe. Ikilalamika kwamba kumbukumbu imejaa, `default(parisizemax,"1G")` mara nyingi humaliza shida.

Mwongozo wake ni mzuri ila hauna huruma kwa anayeanza. Na zao la namba tasa mbili kubwa lenye tarakimu 100 na zaidi lipelekwe CADO-NFS, programu nyingine ya kuchambua namba kubwa mno. Kwa PARI/GP utasubiri mno.