Mtambo wa biogesi wa mita 6 za ujazo kwa mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini: unachofaa na unachosumbua

Mtambo tunaoupima hapa ni ule wa kuba la matofali unaofukiwa ardhini, uliotokana na michoro ya CAMARTEC ya Arusha, kituo kilichosimamia programu ya biogesi ya majumbani iliyoanza mwaka 2009. Ukubwa huu wa mita 6 za ujazo unamfaa mfugaji wa Tukuyu au Kiwira mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani, na maji yakiwa karibu. Kwake yeye tunaupendekeza bila kusita. Anayechunga asiununue, maana samadi iliyobaki machungani haipiki ugali.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi, joto likitosha. Ng'ombe wawili wa bandani hawakosi kilo 30 kwa siku, yaani kama mita moja ya ujazo ya gesi. Jiko la kawaida hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo unapata kama saa tatu za moto mmoja: chai ya asubuhi, ugali na mboga mchana, ndizi jioni. Maharage makavu ndiyo yanayoikomba gesi. Yaloweke usiku kucha, la sivyo bakisha jiko banifu la kuni kwa kazi hiyo. Muuzaji anayeahidi kwamba kuni zitakwisha kabisa nyumbani kwako anakuuzia maneno.

Kwetu huku adui mkubwa ni baridi. Bakteria wanaotengeneza gesi hushamiri kwenye nyuzi joto 30 hadi 35, na chini ya nyuzi 15 kazi yao huzorota vibaya. Ndiyo maana Juni na Julai geji, yaani kipimo cha mgandamizo wa gesi, hupanda polepole, hasa Isongole, Uporoto na Makete. Wengi hapo hukosea: wakiona gesi imepungua, wanaongeza samadi. Mtambo huu ukilishwa lita 60 kwa siku, nusu samadi nusu maji, mchanganyiko hukaa ndani takriban siku 70, kwa kuwa sehemu ya juu ya kuba huachiwa gesi. Ukilisha mara mbili ya hapo, unakaa nusu ya muda na kutoka haujaiva, wakati baridi inataka ukae zaidi. Kwa hiyo mtu wa Makete mwenye ng'ombe walewale wawili ajenge wa mita 9 badala ya 6. Kuba lifunikwe vizuri kwa udongo, mtambo uwe mbali na kivuli cha miti, na kulisha kufanywe mchana kwa maji yaliyoota jua.

Ubora wa mtambo wenyewe uko kwenye kuba. Matofali peke yake hayazuii gesi. Kinachoizuia ni plasta ya ndani, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikipakwa niru, yaani uji wa saruji, kabla ya inayofuata, kwa mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wenye udongo huleta nyufa zisizoonekana kwa macho. Jenga kiangazi. Mvua ya Tukuyu hujaza shimo maji, plasta haikauki inavyotakiwa, na maji ya ardhini husukuma sakafu. Midomo ya kuingizia na kutolea nayo iinuliwe juu ya usawa wa uwanja, vinginevyo maji ya mvua yataingia na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi mno.

Ujazo wa kwanza unahitaji tani mbili na kitu za samadi pamoja na maji ya kiasi hichohicho, hivyo anza kukusanya mapema. Gesi ya mwanzo haiwaki kwa sababu imejaa hewa na kaboni dayoksaidi. Itoe nje, na usiijaribu kwa kiberiti kwenye bomba la kuba. Sehemu za baridi, kungoja zaidi ya mwezi ni jambo la kawaida. Na mtu asiingie kamwe ndani ya mtambo uliokwisha kutumika, hata ukionekana mtupu. Gesi iliyobaki humo inaua.

Moto ukirukaruka, kuna maji ndani ya bomba. Fungua koki ya mtego wa maji, yaani mahali pa chini ya bomba maji yanapokusanyika, na kama tatizo linarudi kila mara, bomba halikupewa mteremko wa kuelekea kwenye mtego huo. Moto wa njano unataka hewa zaidi. Zungusha pete ya jiko. Geji ikisoma vizuri lakini moto ukawa dhaifu, tundu la jiko limeziba kwa kutu. Geji ikishuka usiku bila mtu kupika, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote kabla ya kulilaumu kuba. Mabaki ya matete na majani ya migomba huelea na kufanya utando mgumu unaozuia gesi, basi yatoe kwa mkono wakati wa kukoroga. Samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki, na maji ya kuoshea banda kwa dawa, visiingie kabisa, kwani huua bakteria.

Tope linalotoka ni nusu ya thamani ya mtambo, na inasikitisha kuliona likitiririka mferejini. Lita zipatazo 60 kila siku, karibu bila harufu, zenye naitrojeni ambayo mgomba na kahawa huichukua upesi. Lihifadhi kivulini, chimba mfereji kuzunguka shina, mimina, fukia. Likiachwa juani, naitrojeni hupotea hewani.

Ukilinganisha, mtungi wa gesi ni nafuu kuanza nao, ila kila ukiisha unadai fedha na nauli. Mtambo wa mfuko wa plastiki ni rahisi kuusimika, lakini hupoteza joto haraka, na kwa Njombe au Makete hatuupendekezi.

Kabla ya kumpa fundi kazi, omba akuonyeshe mtambo wake uliofanya kazi miaka miwili au zaidi, kisha zungumza na anayepikia hapo. Bakiza sehemu ya malipo hadi ajaze hewa, afunge koki kuu, na geji ikae saa 24 bila kushuka.