Zotero kwa mwandishi wa tasnifu
Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kwa kompyuta ya kuazima hana haja ya kununua programu ya kupangia marejeo, kwa kuwa Zotero, iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani mwaka 2006, hutolewa bure. Ukibofya alama yake kwenye kivinjari, makala huingia pamoja na jina la mwandishi, mwaka na kurasa. Na msimamizi akitaka mtindo wa kuandika marejeo ugeuzwe kutoka APA kuwa Chicago (wasimamizi nao hubadili nia), orodha nzima hujipanga upya papo hapo. Nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300 tu, ambazo faili za PDF huzimaliza mapema, hivyo makala zangu nyingi hubaki kwenye diski.