Subaru Legacy ya zamani imefufuliwa: kipi kimelipa, kipi ni mbwembwe

Karibuni wapenzi wa magari. Hii hapa nyuma yangu ni Subaru Legacy stesheni wagoni, kizazi cha pili, kile kilichoingia sokoni Japani mwaka 1993. Injini lita 2.5, gia za mkono, miguu yote minne inavuta muda wote. Na kabla hujaandika huko chini kwamba hili ni gari la kubebea watoto, kumbuka Legacy ndiyo iliyowapa Subaru ushindi wao wa kwanza kwenye rali za ubingwa wa dunia, New Zealand 1993, Colin McRae akiwa kwenye usukani. Ile ilikuwa sedani ya kizazi cha kwanza, ndiyo, lakini ukoo ni uleule.

Tuanze na injini. EJ25 za kipindi hiki, yaani hizi injini za Subaru za lita 2.5 zenye kemushafti nne, ugonjwa wao unajulikana: gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake. Gesi ya mwako inapenya kwenye maji, na ukifungua chupa ya akiba ya redieta unaona mapovu. Ujanja wake ni kwamba gari linaweza kuzunguka mjini bila shida, kisha likachemsha kwenye safari ndefu. Hapa injini imeshushwa chini, hedi zimepimwa kama zimenyooka, zikafungwa gasketi za chuma za tabaka kadhaa. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji na rola zote vimebadilishwa papo hapo. Usibane matumizi hapo: pampu inazungushwa na mkanda huohuo, na ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Basi, umerudi mwanzo.

Bodi ndiyo imekula kazi kubwa. Kutu ya Legacy inajificha kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na mbaya zaidi ni pale juu shokapu za nyuma zinapofungwa. Kote huko kumekatwa, kukachomelewa bati jipya, na nta ikapuliziwa ndani. Ukiona gari la namna hii limepakwa rangi safi halafu sumaku haishiki kwenye tao, hiyo ni puti ya kujazia, siyo bati. Ondoka.

Sasa njoo kwenye uvutaji, maana hapa ndipo watu wanaharibu gari zuri. Legacy hii ya gia za mkono ina difu ya kati inayogawa nguvu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, ikisaidiwa na kapling yenye mafuta ya silikoni. Mbele na nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti, mafuta yale yanapata joto na kapling inakaza. Weka tairi jipya moja na matatu ya vipara uone: difu inafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka inakufa. Subaru wanataka mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukienda kununua, lipashe moto, kata usukani mpaka mwisho, lizungushe taratibu. Likishikashika kama mtu amegusa breki, kapling imeshakaza.

Nyongeza? Gari limenyanyuliwa milimita 40, na hii naipenda, kwa sababu fremu ndogo za chini nazo zimeshushwa kwa spesa, yaani vipande vya kuongeza nafasi. Ukiweka spesa juu ya shokapu peke yake, ekseli za mbele zinakaa kwa pembe kali na sivi jointi, vile viungo vya ekseli vinavyopinda, zinalia mapema. Konani linalala zaidi kidogo kuliko zamani, lakini kwenye mashimo unasahau. Matairi ni makubwa kidogo, kwa hiyo spidi mita inasoma chini ya mwendo halisi. Mwenye gari ajue hilo kabla hajasimamishwa.

Nisichokipenda: ekzosi. Ukiwa kwenye mwendo wa safari inavuma ndani ya buti mpaka kichwa kinauma. Na taa za LED ndani ya glasi hizi za zamani zinatawanya mwanga ovyo, anayekuja mbele yako ndiye anayeumia. Rudisha balbu za kawaida.

Najua swali linalokuja: turbo? Kwenye hii, hapana. Gia boksi hii ya gia 5 haitavumilia nguvu hizo kwa muda mrefu. Unayetaka kasi tafuta Legacy GT iliyotoka kiwandani na turbo zake mbili, na jiandae, kwa sababu mipira ya vakyumu iliyojaa mle ndani itamtoa fundi wako jasho.