Filamu ya anga iliyotulaza mapema

Nilitangaza tangu Jumatatu: Ijumaa hakuna kulala mapema, tunaangalia filamu ya anga. Watoto wakahesabu siku. Binti yangu ana miaka 10 na vitabu vya sayari kavikariri. Mdogo wake ana miaka 6, na yeye shida yake ni roboti tu, mengine hayamhusu.

Hadithi, bila kuwaharibia utamu (utamu upi, sijui): baba amekwama kituoni huko Mirihi, mwanawe anaiba chombo kwenda kumwokoa. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kuna mahali jua linazama na anga inayolizunguka ni ya buluu, nikadhani wamekosea rangi. "Hapana mama, ni kweli," binti akanisahihisha, "ni vumbi la kule." Nikajisemea, kumbe hawa wanaijua kazi yao.

Wapi! Mama aliye duniani anaongea na mumewe kama watu wanaopigiana simu nyumba ya pili. Anauliza, anajibiwa papo hapo. Wanakatizana maneno, mpaka wanagombana. Binti akaruka kwenye kochi. Mawimbi ya redio hayazidi mwendo wa mwanga, akatwambia: Mirihi ikiwa karibu kabisa ni dakika 3 ujumbe kufika, ikiwa mbali kabisa ni kama 22. Hapo jibu bado halijarudi.

Akanyakua simu yangu, akaweka saa ya kuhesabu, akamgeukia mdogo wake. "Wewe uko Mirihi, na leo iko mbali. Nakuuliza: unataka tukuletee nini? Usijibu mpaka dakika 22 zitimie." Mdogo akaziba mdomo kwa viganja viwili, macho kayatoa. Kwenye skrini chombo kimoja cha angani kinalipuka, mlipuko unanguruma huko angani pasipo hewa ya kupitisha sauti, na hakuna aliyekuwa anaangalia. Sote tulimtazama yeye.

Kilichoniudhi ni hapo. Waliotunga filamu hii walikuwa na kimya hicho bure kabisa, wakakitupa. Hebu fikiria unamuuliza mumeo kama bado ana hewa, kisha unakaa karibu robo tatu ya saa bila kujua. Na jibu likifika, "bado ninayo", aliyelituma huenda imeshamwishia. Mtoto wa miaka 10 aliliona hilo kwa saa ya simu. Wao wakaona watoto hawawezi kungoja, wakawamwagia milipuko, na upepo unaobinuabinua magari mazito kwenye sayari ambayo mgandamizo wa hewa yake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa hewa yetu.

Roboti? Anachekesha mara mbili, halafu anarudia kichekesho kilekile. Muziki haunyamazi hata pale mtoto anapomwona baba yake. Maandishi ya chini yanapita mbio, nilikuwa nayasoma kwa sauti hadi koo likakauka.

Natoa nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya yale machweo.

Mdogo alilala dakika ya tisa hivi, mikono bado iko mdomoni. Baba na mwana sikumbuki walikumbatiana vipi. Nilipombeba kwenda kitandani, saa ya simu ikalia mkononi mwa dada yake, na yeye akafumbua jicho moja begani kwangu.

"Maji," akasema.