Banda la mama lishe Mwanjelwa: sahani ya 2,000 na kinachobaki nje yake

Kwa wiki tatu nimekuwa nikila chakula cha mchana katika banda la mama lishe mmoja pembezoni mwa soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, na siku nne nikala kwa muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa nilitaka kujua kwa fedha yangu mwenyewe kama kula vizuri ni ghali kuliko kujaza tumbo.

Kipimo nimekiazima. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), likikadiria gharama ya mlo wenye afya, hukusanya vyakula vya bei ya chini kabisa sokoni kutoka makundi sita, yaani wanga, mboga, matunda, vyakula vitokanavyo na wanyama, jamii ya kunde na karanga, pamoja na mafuta, hadi vitimie kilokalori 2,330 kwa mtu mmoja kwa siku. Wanga peke yake huchukua 1,160, na mboga 110 tu. Ndiyo maana anayepima chakula kwa shibe huiona mboga kuwa ghali, ilhali fungu la chainizi hapo sokoni halimshindi mtu.

Sahani ya kawaida ya banda hili, ugali, maharage, mnafu na kachumbari kidogo, nililipia shilingi 2,000. Maharage yameiva hadi kulainika, mchuzi wake ni mzito, na mnafu haukupikwa hadi ukapoteza rangi. Hapo, ukihesabu na mafuta ya kupikia, makundi manne yamekwisha kutimia. Usipa wa Kyela (samaki wadogo) uliokaangwa ukauongeza kwa 1,000, ukanunua na kipande cha parachichi kwa 500, sahani inafika 3,500 na makundi yote sita yapo. Kwa jirani, chipsi mayai na soda vilinigharimu 3,700, nikapata viazi, mayai na mafuta mengi yaliyokwisha kutumika mara kadhaa, bila tunda wala mboga zaidi ya vipande viwili vya nyanya.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuishia hapo na kutangaza kwamba mlo bora ni wa bei rahisi. Mbeba mizigo niliyekaa naye meza moja hakuagiza chipsi mayai. Aliagiza ugali maharage, akaacha usipa na parachichi. Bei ni jambo moja, na uwezo wa kuilipa ni jingine: 3,500 kwa watu watano ni 17,500 kwa mlo mmoja, na vinavyopunguzwa kwanza ni samaki, maziwa na matunda, vile vile ambavyo mtoto anavihitaji zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, lakini Iringa karibu asilimia 57 na Njombe karibu 50, katika nyanda hizi hizi zinazolisha mikoa mingine kwa mahindi. Jambo hilo linaniuma kila ninapoona malori yakipakia parachichi za Rungwe.

Kuna gharama nyingine ambayo kipimo cha FAO hakiigusi, kwa kuwa kinahesabu bei ya chakula sokoni peke yake: mkaa na saa za kuchemsha maharage. Mama lishe huyu huinjika sufuria alfajiri, na hapo ndipo thamani ya 2,000 yake ilipo, kwa sababu mpangaji wa chumba kimoja anayerudi saa moja usiku hawezi kupika maharage kwa bei hiyo hata akipewa bure.

Kasoro zipo. Chumvi huzidi siku nyingine, mboga hupimwa kwa mkono mchache kuliko ugali, na tunda ni lazima uliulizie, kwa kuwa huwekwa chini ya meza kana kwamba ni la wageni maalumu. Ningependa apunguze ugali kidogo na kujaza nafasi hiyo kwa mnafu bila kugusa bei. Nilimweleza, naye akasema atajaribu na wateja wake wa kila siku kwanza.

Chakula huwa tayari saa tano na nusu. Ukifika baada ya saa nane utakuta ugali na maharage vipo, lakini mnafu na usipa vimekwisha.