Matofali ya alumini ya pale Nyakato: ninayonunua, ninayoyaacha

Mafundi wenzangu wa kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, wa Mabatini na Igogo hapa Mwanza, na ninyi wa Sengerema na Magu mnaofuata malighafi mjini: mmeniuliza sana kuhusu duka ninakochukua alumini, basi haya ndiyo maelezo yangu. Duka halina kibao. Fika Nyakato, upande wa karakana, ulizia mama anayeuza matofali ya alumini, yaani alumini iliyomiminwa kwa umbo la tofali ili ikayeyushwe tena. Bodaboda wa pale wanamjua.

Kazi yangu ni puli za mashine za kusaga na kukoboa, pamoja na sufuria kubwa za mama lishe na za shule. Kwa hiyo nahukumu duka hili kwa macho ya mtu anayemimina, si ya mtu anayenunua ili akauze mbele.

Mama ana aina mbili za alumini. Ya kwanza ni tofali la kiwandani, linalopanda lori kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mgongoni lina chapa ya kiwanda na namba ya myeyusho, yaani kila chungu cha kuyeyushia kilichomiminwa kule kina namba yake, na namba hiyo inaendana na karatasi ya vipimo. Mara ya kwanza niliomba kuiona nikidhani nitaambiwa njoo kesho. Mama akafungua droo, akanipa nakala. Silikoni asilimia 11 na ushee, shaba kidogo, chuma chini ya asilimia 1, madini ya risasi kiasi kidogo mno. Namba ya kwenye karatasi na ya kwenye tofali zilikuwa moja.

Hiyo silikoni ndiyo roho ya tofali hili. Alumini tupu inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, na ukiimimina ni nzito kutembea: inaganda kabla haijafika kwenye ukingo mwembamba. Ukiichanganya na silikoni ya karibu asilimia 12, inayeyuka chini kabisa, kwenye nyuzijoto 577 hivi, halafu inakimbia kwenye mchanga kama mafuta ya alizeti. Midomo ya puli inajaa, na mikono ya sufuria inatoka kamili bila kuongezewa moto. Wengi tunapoona alumini haitembei tunazidisha moto, na hapo ndipo tunapojiharibia, kwa sababu alumini iliyopata moto kupita kiasi inanyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu. Ikipoa, ile gesi inaacha vitundu ndani. Kwa nje puli inang'aa, mteja anailipia, kisha mkereza anapeleka kisu anakuta sifongo. Tangu nianze kutumia tofali hili puli zinazorudishwa zimepungua sana, na oili chafu ninayochoma kwa kila chungu imeshuka pia.

Aina ya pili ni tofali la hapa hapa, lililoyeyushwa kutokana na chakavu: pistoni, fremu za madirisha, mikebe ya soda, sufuria zilizotoboka, na chochote kilichookotwa kuanzia Igoma hadi Kirumba. Halina chapa. Ni rahisi zaidi, na kwa kazi fulani linafaa: miguu ya meza, vishikio vya milango, vitako vya miavuli. Kwa puli silitumii. Kwa sufuria nalikataa kabisa, na hili nataka nilieleze vizuri.

Kwenye chakavu kuna vitu vinavyofanana na alumini ambavyo si alumini. Kabureta nyingi za pikipiki ni zinki. Kuna rangi za zamani, kuna lehemu, kuna vipande vya betri vilivyoangukia kwenye gunia. Risasi ikishaingia kwenye chungu huitoi kwa kukwangua povu la juu. Inabaki humo, na inakwenda jikoni. Watafiti walipima sufuria zilizosubiwa kwa chakavu nchini Kameruni, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: walipochemsha ndani yake maji yenye asidi ya siki, risasi ilitoka. Sasa fikiria mapishi yetu. Mchuzi wa sangara ni nyanya na ndimu, na sufuria ya shule inakaa motoni asubuhi nzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na madhara yake ni kwenye ubongo. Sufuria yangu ikienda shuleni inalisha watoto mamia. Siwezi kuimimina kwa alumini nisiyojua ina nini ndani.

Kwa asiye na maabara, njia yangu ya kukagua ni hii. Pima tofali kwenye mizani, kisha lizamishe kwenye ndoo iliyojaa maji pomoni na ukinge yanayomwagika. Tofali la kilo 5.4 linatakiwa kumwaga maji ya lita 2 hivi, kwa kuwa alumini ina uzito wa takribani mara 2.7 ya maji. Zinki ni mara 7, risasi ni mara 11. Maji yanayomwagika yakiwa pungufu waziwazi, humo kuna kitu kizito. Pitisha na sumaku, maana alumini haishiki, lakini vipande vya skrubu vitashika. Kisha omba livunjwe. Kijana wa dukani huwa halalamiki, anaweka tofali juu ya reli na kulipiga nyundo pale lilipobonyea. Ndani iwe kijivu, chembe ndogondogo zinazolingana, bila matundu meusi. Ndoo hainionyeshi risasi kidogo iliyoyeyukia ndani, ndiyo maana kwa sufuria nasimamia karatasi, na ndoo ni ya nyongeza.

Bei. Kilo ya tofali la kiwandani, mara zote nilizonunua, imezidi kilo ya chakavu cha Makoroboi kwa shilingi 2,000 au zaidi. Ni nyingi, sikatai. Lakini ukinunua kilo kumi za mikebe hupati kilo kumi za alumini: rangi inaungua, bati jembamba linageuka majivu, na povu unalitupa. Tofali linarudisha karibu uzito wake wote. Nikitoa hasara hiyo na mafuta ya kuyeyushia, tofauti iliyobaki ni ndogo, na puli moja iliyorudishwa inaimeza.

Bei hubadilika, na wapo wanaomtuhumu mama kuwa anapandisha apendavyo. Nilimuuliza. "Mimi nafuata London na dola, baba," alinijibu, na ni kweli. Alumini ya sehemu kubwa ya dunia inafuata bei ya soko la metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877. Pale mkataba mmoja ni tani 25 za alumini yenye usafi wa angalau asilimia 99.7, na bei inatajwa kwa dola. Shilingi ikishuka, tofali linapanda hata kama kule London hakuna kilichobadilika. Ukitaka kujua kama bei ya Nyakato ni ya haki, angalia bei ya tani kule, ipige kwa dola ya siku hiyo, gawa kwa elfu moja, kisha ongeza meli, ushuru, lori na faida ya mwenye duka. Nimefanya hesabu hiyo, na mama hajanipunja.

Mwanza ukitaja tofali la madini watu wanawaza dhahabu, hasa tangu Rais Samia alipozindua kile kiwanda cha kusafisha dhahabu Juni 2021, ambacho STAMICO, shirika la madini la taifa, ina hisa zake. Dhahabu ina heshima yake. Lakini kinachoipa thamani ile miche ni kilekile ninachokidai kwenye alumini: muhuri, namba na kiwango cha usafi. Fundi wa sufuria naye anastahili kujua anachonunua.

Huduma ni nzuri. Mizani imegongwa muhuri wa wakala wa vipimo, na unasimama mbele yake mwenyewe. Unaweza kununua tofali moja tu. Wauzaji wengine niliowafuata walitaka nichukue tani. Ukimwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka, mayu", anacheka na kukupa kiti, lakini punguzo hutapata, na mkopo ndiyo usahau. Mabaki safi ya tofali lake mwenyewe anayanunua tena, kwa bei ya chini kidogo.

Yapo ya kurekebisha, na nimemwambia. Matofali yanalala chini ya turubai lenye matobo. Mvua za vuli zikianza yanalowa, na tofali lenye maji likizamishwa kwenye chungu kinachochemka linarusha alumini hadi kwenye dari. Kulianika juani hakutoshi, kwa kuwa maji yanakaa kwenye nyufa. Mimi nayapanga juu ya mdomo wa tanuru mpaka yawe ya moto kweli, ndipo yaingie, nayo yashikwe kwa koleo refu. Ewe kijana unayeanza, usiruke hatua hii hata siku moja.

La pili ni zito zaidi. Kwenye banda hilohilo anauza vinoo, yaani vipande, vya risasi, wanavyonunua wavuvi wa Mwaloni kwa ajili ya chubwi, vile vizito vya nyavu, na vinapimwa kwenye sahani ileile ya mizani. Vumbi lake linashika mikono, linashika alumini, na wajukuu wa mama wanacheza pale wakitoka shule. Ameahidi kujenga kibanda cha pembeni. Hadi ninapoandika hakijajengwa. Mkienda, mwulizeni, kwa heshima, kimefikia wapi. Wateja wengi wakiuliza kitajengwa haraka. Na tofali lako lisugue kwa brashi na maji ya sabuni kabla ya kulipeleka kwenye tanuru, kisha likaushe juu ya mdomo wa tanuru kama nilivyoeleza.

Kwa puli, sufuria na vifuniko vya injini za boti, chukueni lenye chapa, na msiondoke bila nakala ya karatasi. Nendeni asubuhi ya Jumanne au Jumatano. Mzigo wa Dar mara nyingi unashuka mwanzoni mwa juma, na kufikia Ijumaa wenye karakana kubwa wameshabeba na kubakisha yale yasiyo na namba.